Mjane Asiyefiwa

Khiêm nilimbeba mgongoni. Mama yake alikuwa akienda Soko la Đông Ba kuuza mboga, na mimi wakati huo nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa nisiye na kazi, ananiachia mtoto mpaka adhuhuri. Kwa hiyo ninapoeleza aibu iliyompata, msidhani namsengenya. Ni mtu wetu, na ndiyo maana ilituuma.

Tangu mdogo alikuwa na ulimi wa asali. Akitumwa dukani akachelewa, alikuwa na sababu nzuri kiasi kwamba mama yake anasahau fimbo aliyoishika. Akasoma fasihi chuo kikuu hapa hapa mjini Huế, akamaliza, kazi hakuna. Miaka tisa alisimama mapokezi kwenye hoteli moja ya ng'ambo ya mto, akajifunza Kiingereza kwa kuwasikiliza wageni wakilalamika. Hoteli ilipouzwa, wenye mali wapya wakaleta watu wao. Ndipo Khiêm akaanza kuwatembeza wageni mwenyewe. Wageni wawili au watatu tu kwa siku, bila kibendera wala kipaza sauti. Anawachukua mlangoni kwao saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anawalisha sehemu tano, anawapitisha hekaluni, anawafikisha kwa washonaji wa kofia za mianzi, na saa sita anawarudisha wameshiba na wamechoka.

Kituo chake cha tatu kilikuwa pembe yetu. Mimi hapo nauza chai ya barafu, na hatua tano kutoka kwangu Shangazi Lài anauza wali wa kome. Ni wali kiporo, kome wadogo wa mtoni waliokaangwa kidogo, mashina ya mayugwa yaliyokatwa membamba kama nyuzi, karanga, ufuta, ngozi ya nguruwe iliyokauka ikawa inalia mdomoni, kijiko cha uduvi uliochachuka, na pilipili ambayo Lài haulizi kama unaitaka. Juu yake supu ya kome, moto. Ameuza hapo miaka thelathini na moja.

Mwanzo Khiêm aliwaeleza wageni hayo hayo niliyowaeleza ninyi, nao wakaridhika. Jinsi uongo ulivyoanza nimekuja kujua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Ilikuwa siku ya mvua. Wageni walikuwa mume na mke, wamelowa, wamekaa kwenye viti vyetu vya plastiki magoti yakigusa videvu, kila mmoja na simu yake. Khiêm alieleza kome wanavyochujwa mtoni, wakaitikia "mm." Akaeleza mayugwa, "mm." Mwishowe yule mke akauliza, kama mtu anayepiga miayo:

"Huyu mama ana mume?"

Sasa mume wa Lài ni jambo ambalo pembe yetu hailitaji. Anaitwa Toản, alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki. Miaka ishirini na sita iliyopita alimfuata mwanamke aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu, wakahamia kusini, akamwachia Lài binti wa miaka tisa na meza iliyojaa spana. Sisi tulilifunika jambo hilo kama chungu, na hata walevi wetu wakilewa hawafunui kifuniko chake.

Khiêm alijua hayo yote. Akawaambia wageni, "Mto ulimchukua."

Yule mke akaweka simu chini.

Basi. Kuanzia siku hiyo Toản akawa mpiga mbizi wa kome aliyezama mwaka wa mafuriko makubwa na mwili wake haukuonekana. Mwezi uliofuata Khiêm akatia chumvi nyingine: kila mwaka siku hiyo mjane hupeleka bakuli la wali ukingoni mwa mto na kulirudisha tupu. Halafu akaongeza maneno ya mwisho ya marehemu. Alijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kunyamaza. Wageni walilia kweli kweli. Wanaume wazima walivua miwani. Wakirudi kwao waliandika kwenye mtandao habari za "mjane wa kome", na wengine wakaja Huế wakimwomba Khiêm awapeleke kwake kabla hata ya kaburi la mfalme.

Lài hajui Kiingereza, wala mimi. Tuliona tu machozi.

Siku ya kwanza alishtuka. "We Khiêm, huyu mama wa watu analia nini? Nimezidisha pilipili?"

Na Khiêm, kwa ulimi ule ule, akamjibu, "Hapana, shangazi. Anasema chakula chako kimemkumbusha mama yake."

Hapo ndipo alipotenda kosa hasa. Hadithi ya mtoni ilikuwa uongo kwa watu wapitao. Hii aliisema kwa Lài, mtu wake.

Kwa sababu Lài aliamini. Mwanamke aliyeachwa, aliyekuwa akitembea na kofia imeshuka mpaka puani, akaanza kuivaa kisogoni. Akanunua mabakuli mapya ya bluu. Akaamka mapema zaidi ili kome wasipate hata punje ya mchanga. Mgeni akilia, yeye anasimama wima nyuma ya sufuria, ameshika upawa, anatutazama sisi mmoja mmoja. Nasi tukamfanyia utani kila siku:

"Shangazi Lài, leo umeliza nchi ngapi?"

"Ufaransa moja, Japani mbili," anajibu bila kucheka. "Mjerumani wa jana alijikaza, lakini nilimwona."

Muuza mkate akamtania, "Basi nami nilize!"

"Wewe umezoea kula makapi, utaonja nini?"

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Wageni wakimaliza wali wanakunywa chai kwangu, kwa hiyo nami nilifaidika, sitaki kujitoa.

Halafu akaja Trâm.

Ilikuwa mwezi wa pili, manyunyu membamba yale yasiyokwisha. Khiêm alileta wageni wawili kutoka Australia, kijana mmoja mrefu mwekundu, na mkewe, msichana wa kama miaka ishirini na mitano mwenye sura ya kwetu kabisa. Khiêm alimuuliza asubuhi hotelini kama anajua lugha, akasema hajui, alizaliwa Melbourne. Hakusema kwamba mama yake ni mtu wa Huế, na kwamba nyumbani alilelewa kwa maneno ya Huế. Alikuwa akiona haya. Kila alipofungua mdomo mbele ya watu wa huku, walimcheka kwamba anaongea kama mtoto wa miaka minne. Akaamua kuwa mgeni tu.

Khiêm akasimulia. Akashusha sauti, akanyamaza. Yule kijana akainamisha kichwa. Msichana akala wali wake wote, akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye sufuria, akashika mkono wa Lài kwa mikono yake yote miwili. Akasema kwa lugha yetu, polepole, kitoto kitoto:

"Shangazi. Mume wa shangazi kufa mtoni. Mimi pole. Mimi pole sana."

Niliona uso wa Lài ukibadilika. Upawa ulimponyoka ukaingia kwenye supu.

"Amekufa?" akasema. "Toản amekufa?"

Msichana akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka.

"Lini? Mto gani? Nani kakutuma?" Akamtazama usoni, akamtazama tena, akahesabu miaka. Akamkamata mkono wa shati. "Wewe ni mwanawe. Wewe ni mwanawe wa kusini, sivyo? Amekutuma kabla hajafa?"

"Mimi... hapana... shangazi..."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi si mtu mbaya. Niambie tu, aliugua? Alizikwa?" Akakaa chini kwenye saruji iliyolowa, kofia ikaanguka, akaanza kulia kwa sauti. Miaka ishirini na sita sikuwahi kumsikia Lài akilia. Mlangoni kwa muuza mkate watu walitoka, wenye pikipiki wakasimama. Mimi nilikimbia nikamshika mabega, nikiamini kama yeye kwamba Toản amekufa.

Khiêm alikuwa amesimama na bakuli mkononi, mweupe kama tambi. Hapo alikuwa na nafasi ya kuwa mwanamume. Badala yake alisema:

"Shangazi, usilie, ni makosa ya lugha. Huyu dada hajui lugha yetu vizuri. Amechanganya maneno."

Trâm aligeuka. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya, maana lile aliloliogopa maisha yake yote, kwamba watacheka lugha yake, sasa linasemwa mbele za watu. Lakini hakunyamaza.

"Mimi sichanganya! Wewe ndiyo sema! Wewe sema mume kuzama, mwaka mafuriko, yeye peleka bakuli mtoni. Wewe sema!"

Mtaa mzima ukamgeukia Khiêm.

"Khiêm," nikamwambia, "anasema nini huyu mtoto?"

Nilimwita mara ya pili kwa jina lake la utotoni, lile la nyumbani. Akaweka bakuli chini.

"Hajafa, shangazi," akasema. "Yaani sijui. Sina habari zake. Ni hadithi ninayowaambia wageni. Nimeitunga."

Lài alinyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Tukamwinua, tukamkalisha kwenye kiti. Alipangusa uso kwa ncha ya blauzi. Tulidhani atamtukana, na muuza mkate, nadhani, alikuwa tayari amekunja mkono wa shati. Yeye akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya kawaida ya kuuliza bei.

"Wale waliokuwa wakilia, walikuwa wakilia nini?"

Khiêm akatazama chini.

"Nijibu. Yule Mfaransa. Yule bibi wa Kijapani aliyeniinamia mara tatu. Si ulisema ni chakula?"

"Walimlilia... walikulilia wewe, shangazi. Kwa ajili ya hadithi."

"Na chakula?"

Lài akamngoja kidogo, kisha akasimama, akautoa upawa kwenye supu kwa vidole, supu ikiwa moto vile vile, akaanza kuwahudumia watu waliokuwa kwenye foleni. Aliwasahaulia karanga, wote. Hakuna aliyemkumbusha. Yule kijana mrefu alikuwa akimuuliza mkewe kimetokea nini.

Siku ya pili Lài hakuja, wala ya tatu. Ya nne alikuja na mabakuli yake ya zamani, yale yenye nyufa, na kofia imeshuka mpaka puani. Hakuna aliyemuuliza ameliza nchi ngapi.

Khiêm naye akaanza kuikwepa pembe yetu. Aliwazungusha wageni wake kwa barabara ya nyuma, akiwaambia shangazi anaumwa, yaani uongo mwingine juu ya ule. Lakini Huế ni mji mdogo, njia ya mwongo ni fupi. Mkewe, Uyên, alikuwa sokoni akichagua maboga aliposikia wanawake wawili wakimsema mtu aliyemuua mume wa mwenzie kwa maneno. Alisikiliza kama wengine, hata akacheka, mpaka jina likatajwa. Alirudi na kapu tupu.

Tunapakana nao, na kuta zetu ni nyembamba. Nilisikia.

"Ni wewe?" Uyên alimuuliza.

"Nilitaka wampende tu. Walikuwa hata hawamtazami."

"Wampende yeye, au wakupende wewe?"

Nikasikia kapu likitupwa sakafuni.

"Mama yako aliachwa pia, Khiêm. Ungemsikia mtu akimpa marehemu wa kubuni ungefanyaje? Tena ukamsingizia yule msichana lugha!"

"Hilo ndilo linaloniamsha," Khiêm akasema. "Hilo kuliko yote. Kila nikifumba macho namwona yule dada anavyogeuka."

"Basi usifumbe. Nenda kwa shangazi."

Alienda siku ya sita, saa nne asubuhi, sufuria imekaribia kwisha, wateja wanne tu. Alibeba matunda na uvumba, kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Lài alivitazama.

"Uvumba wa nani? Nani amekufa?"

Khiêm akauficha nyuma ya mgongo, akakosa pa kuuweka.

"Nimekuja kuomba radhi, shangazi."

"Kaa." Akakaa. "Nisimulie."

"Nisimulie nini?"

"Hiyo hadithi. Yote, kama unavyowasimulia wao. Nimeiuza miaka mitatu, sijawahi kuisikia."

"Shangazi, naomba usi—"

"Nina sufuria ya kuosha. Anza."

Nilitamani kuondoka, lakini nikiondoka ningeonekana. Khiêm akaanza. Alisema palikuwa na mpiga mbizi wa kome aliyeitwa Toản, hodari kuliko wote mtoni.

"Nani? Toản?" Lài akasugua sufuria. "Toản aliogopa maji hata ya beseni. Nilikuwa namwosha nywele kwa kumshika shingo. Endelea."

Mteja mmoja alicheka, akaona Lài hacheki, akarudi kwenye bakuli lake.

"Mwaka wa mafuriko makubwa... asubuhi ile alimwambia mkewe: nikirudi, tupike kome wa kwanza tule sisi wawili, tusiuze."

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo ninavyowaambia, shangazi."

"Asubuhi aliyoondoka kwangu alisema anakwenda kununua mnyororo wa baiskeli." Akamimina maji machafu mferejini. "Nikamwambia anunue na sabuni. Endelea."

Hatukujua. Miaka ishirini na sita, na mimi ni rafiki yake, sikujua habari ya sabuni. Khiêm alikuwa analia sasa, kimya kimya, anajipangusa kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya mgongoni kwangu. Lài hakumhurumia.

"Halafu?"

"Halafu hapa... hapa huwa ninanyamaza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mmoja wao afute macho."

"Basi nyamaza."

Akanyamaza. Tukanyamaza wote. Pikipiki zilipita, muuza tofu alipita akinadi, na Lài amesimama na sufuria mkononi akimtazama, mpaka nikaona bora angempiga.

"Mume uliyenipa ni mzuri kuliko niliyekuwa naye," akasema mwishowe. "Lakini sikukuomba mume. Nilikuomba unitafsirie kwa nini wanalia."

"Nitafanya lolote, shangazi."

"Siku ile nilipoambiwa amekufa, nilijua kitu ambacho sikukijua. Nilidhani nimemaliza naye. Kumbe." Hakumalizia hilo. "Umemuua miaka mitatu. Sasa nenda ukanitazamie kama yu hai. Sitaki picha, sitaki barua. Ukamwone kwa macho, uje uniambie ulichoona na alichosema. Bila chumvi. Chumvi hapa natia mimi."

Anwani alikuwa nayo binti yake Lài, aliyeolewa Đà Nẵng. Alikuwa nayo miaka yote, ameificha kwenye jalada la vyeti vya watoto, akiogopa mama yake asiumie. Naye aliona aibu alipoitoa. Aibu hiyo ilimpitia kila mtu.

Khiêm alipanda treni, akashuka Biên Hoà, huko kusini, siku ya pili. Alimkuta Toản kando ya barabara kuu chini ya turubai, mzee, mguu mmoja umekatwa chini ya goti kwa ugonjwa wa sukari, akiziba tundu kwenye mpira. Khiêm akamwambia wazi: natoka Huế, pembe ya pale, kwa Shangazi Lài.

Mzee alipangusa mikono kwa tambara, taratibu, kila kidole.

"Lile daraja la chuma bado lipo?"

"Lipo."

"Wamelipaka rangi gani?"

"Ya fedha."

"Mm," akasema mzee. Kisha akauliza kama ana pikipiki inayotaka mafuta. Khiêm akasema hana. Akakaa pale saa nzima, akidhani mtu yule anatafuta maneno. Mwanamke mnene akaja na chakula, wakala, wakamkaribisha, akala nao. Toản hakuuliza lingine. Khiêm akaaga.

Aliniambia kwamba ndani ya treni ya kurudi maneno yalimjia yenyewe, kama nzi kwenye nyama. Mzee alipangusa chozi. Mzee alisema mwambie anisamehe. Mzee alikuwa bado ana picha. Yangefaa, yangemtuliza Lài, na nani angekwenda Biên Hoà kuhakikisha? Alifika mpaka kuchagua sauti ya kuyasemea. "Mama Cúc," akaniambia, "niliona aibu hata kabla sijadanganya. Haijawahi kunitokea."

Alimweleza Lài pale pale pembeni, asubuhi, mimi nikipasua barafu. Alieleza mguu, turubai, mwanamke mnene, daraja.

"Halafu?" Lài akauliza.

"Basi, shangazi."

"Hakuuliza habari zangu?"

"Hakuuliza."

"Hata za mtoto?"

"Hata za mtoto."

Lài alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. Alikipangusa upande mmoja, akakigeuza, akapangusa wa pili.

"Ungeongeza hata neno moja, mpumbavu wewe."

"Shangazi, si ulisema bila—"

"Najua nilichosema! Ondoka hapa."

Akaondoka. Kwa mwezi mmoja na zaidi Lài hakutaka kumwona hata kivuli.

Katika mwezi huo Khiêm alizipitia sehemu zake nne zilizobaki, akiwaambia watu mmoja mmoja alichokuwa akisema juu yao. Mjomba Hoè wa kahawa aligundua kwamba yeye ni kitukuu wa mpiga ngoma wa mfalme. Akafurahi mno. "Usiache kusema hivyo! Sema na ngoma ninayo nyumbani!" Khiêm akakataa, wakakosana. Mama Nhàn wa vitumbua vya mvuke yeye alinuna kwa kuwa hakutungiwa chochote. "Miaka yote hiyo! Mimi sina hata sura ya kusingiziwa?" Watu walicheka, lakini Khiêm hakucheka. Alimwandikia pia Trâm, barua ndefu. Jibu lilikuja la mistari miwili: kwamba ameipokea, na kwamba ameacha kusema lugha ya mama yake hata nyumbani. Khiêm alinionyesha kwenye simu, akanitafsiria, akaizima simu papo hapo.

Kisha siku moja ya jua Lài aliniambia, "Cúc, mwambie huyo anayejificha barabara ya nyuma alete wageni wake. Kome wananibakia."

Sasa huwaleta. Anawaambia jina la chakula na vilivyomo. Wakitaka zaidi anamgeukia Lài, anauliza, anatafsiri neno kwa neno. Juzi mgeni aliacha bakuli nusu. Lài akataka kujua kwa nini.

"Anasema uduvi unanuka, shangazi."

Masikio ya Khiêm yalikuwa mekundu. Lài alilitazama bakuli lile muda mrefu.

"Ni kweli unanuka," akasema, akamwaga.

Wageni wanapungua. Wameandika mtandaoni kwamba mtembezaji huyu ni mwaminifu lakini mkavu. Uyên amerudia kushona kofia ili pesa zitoshe. Mtu akinywa chai yangu akalitaja jina la Khiêm, bado wapo wanaotabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Wageni wake wakiwa wanakula, yeye hakai. Anasimama kando ya mfereji, mikono nyuma. Juma lililopita nilimpelekea glasi ya chai pale pale.

"Kaa, Khiêm. Viti vipo."

"Nasimama tu, Mama Cúc."

"Miguu haikuumi?"

"Inauma," akasema, akapokea chai kwa mikono miwili, akainywa akiwa amesimama.